Senti Kumi ya Tundu

Mama alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho. Kama macho yake yangebaki na ule ukungu aliokuwa ameuzoea, ile sarafu ingekaa nyumbani kwangu Kinondoni mpaka nami nife, na pasingekuwa na mtu wa kujua ni kitu gani.

Nieleze kwanza zilikotoka sarafu zenyewe. Baba yetu alikuwa mkata tiketi wa reli. Alihamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kote alikopita watu walimpitishia dirishani kila aina ya fedha: hela za Mjerumani zilizofukuliwa mashambani, senti za tundu za enzi ya Mwingereza, sumni zilizosagika mpaka sura ya mfalme imekuwa kama ya mtu yeyote. Ambazo hazikupokelewa tena alizibadilisha kwa fedha ya mfukoni mwake, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakuwahi kutueleza kwa nini. Alikuwa mtu wa maneno machache sana, mzee wa kanisa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata kwenye joto. Alipofariki, mdogo wangu wa kiume akachukua baiskeli na redio, mimi nikachukua kopo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari. Kopo lile lilinipa ugonjwa wa kukusanya. Nikaanza kuongeza za kwangu: senti tano yenye samaki, ishirini yenye mbuni, hamsini yenye sungura, na za nchi za watu ambazo walimu wenzangu waliniletea walipotoka safari. Zikajaa makopo, zikajaa bahasha, ikafika mahali sijui ninacho nini. Nilimjua mzee mmoja wa Kiarabu pale Magomeni, mwenye duka la vitambaa alilorithi kwa baba yake, ambaye naye hukusanya sarafu. Siku moja nilimpelekea chache azione, akaniuliza, "Mwalimu, umeziandika?"

Nikamwambia sijaziandika.

"Basi huna mkusanyiko, una chenji tu." Akacheka. "Ziandike. Na usizioshe, tafadhali. Usiziguse kwa ndimu wala jivu, ukisugua tu umeiua. Halafu piga picha kila moja pande zote mbili, na ukingo pia. Watu wanasahau ukingo."

Shuleni tunaingiza matokeo ya mitihani kwenye eksel, kwa hiyo kutengeneza jedwali hakukuwa jambo la kunitisha. Likizo ilipoanza nikaweka safu zangu: namba, nchi, thamani, mwaka, madini, uzito, hali, alama, chanzo. Uzito nilipima kwa mizani ndogo ya jikoni ambayo huwa napimia unga wa keki. Picha nilipiga kwa simu, sarafu imelazwa juu ya sketi nyeusi ya zamani karibu na dirisha la sebuleni, halafu nahamishia kwenye laptopu na kuiunganisha na mstari wake, ili ukibofya namba, sarafu inatokea imejaa kioo kizima. Nilifurahi kama mtoto. Kitu chembamba ulichokishika kila siku, ukikikuza hivyo, kinakuwa na mabonde na milima.

Kwenye safu ya chanzo, zote zilizotoka kwenye kopo la maziwa niliandika neno moja tu: Baba.

Mama alifika kutoka Upareni katikati ya kazi hiyo. Alifanyiwa jicho la kwanza, likapona, akafanyiwa la pili. Siku bandeji ya mwisho ilipotolewa alinitazama usoni kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu! Kumbe una mvi!" Aliumia kabisa, kana kwamba zimeota usiku ule. Tangu hapo akawa anasoma kila kitu, tena kwa sauti. Alisoma mfuko wa unga, alisoma pakiti ya majani ya chai na dawa ya mbu. Tukipita barabarani anasoma mabango ya saluni na maandishi ya nyuma ya bajaji, na mengine yalikuwa ya aibu, nikawa namkanyaga mguu anyamaze.

Jumamosi moja mchana, tumeshakula, nilikuwa mezani na laptopu. Nilikuwa nimefika kwenye senti za tundu. Zile zenye pembe mbili za ndovu zilizozunguka tundu la katikati kila mwenye umri anazikumbuka. Nyingi zilikuwa za kawaida. Moja ilikuwa na alama. Ukingoni mtu alikuwa amekata vijichanja vitatu kwa tupa, vimepangana karibu karibu, na ndani ya tundu palibaki kitu kama mabaki ya uzi, cheusi, kimegandamana na shaba. Nilivutiwa. Nikakuza picha ya ukingo mpaka vile vijichanja vikawa kama mifereji, nikaandika.

Mama alikuja nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Nilimsikia akianza kusoma, kwa ile sauti yake ya kuburuta silabi kama mtoto wa darasa la pili.

"Senti kumi. Shaba. Ina tundu. Alama: vi-ji-chanja vitatu u-ki-ngo-ni. Chanzo..." Akainama karibu na kioo. Halafu akamalizia, taratibu, "Baba."

Kikombe kilianguka. Chai ya moto ilinimwagikia kisiginoni, nikaruka, nikageuka nikidhani ameteleza. Hakuwa ameteleza. Alikuwa amesimama wima, mkono umebaki hewani kama bado umeshika kikombe, anatazama kioo.

"Mama? Umeungua?"

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Ni za Baba, Mama. Za kwenye kopo."

"Hiyo. Nimesema hiyo. Iko wapi yenyewe? Nipe."

Nilikuwa nimeiacha kwenye sketi nyeusi dirishani. Nikamletea. Hakuitazama. Aliifunga kwenye kiganja, akapitisha kucha ya kidole gumba ukingoni, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayepapasa gizani kutafuta tundu la ufunguo. Alivikuta vile vijichanja. Akakaa sakafuni palepale, kwenye chai na vipande vya kikombe, na akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mama yangu. Siyo kilio. Msiba wa Baba alilia kama wanavyolia watu. Hii ilikuwa kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Hii tuliizika," akasema. "Hii tuliizika."

Nilifikiri ni kiharusi, nilifikiri ni dawa za macho zimempanda kichwani. Nilimwinua, nikamkalisha kwenye kochi, nikamfunika kanga, nikamuuliza leo ni siku gani na hapa ni wapi. Akanijibu vizuri yote, kwa hasira. Halafu akaniuliza kama najua yeye ni mama wa nani.

"Wangu, Mama."

"Kabla yako nilikuwa mama wa mwingine," akasema. "Watu waliniita kwa jina lake."

Maisha yangu yote mimi ndiye kifungua mimba. Mama yangu, mtaani, kanisani, kwenye vikundi vyake vya akina mama, aliitwa kwa jina langu. Nilibeba ukubwa huo tangu sijui kusoma: mimi ndiye niliyetangulia shule, mimi ndiye niliyeulizwa kila kitu kilipovunjika, mimi ndiye niliyemsaidia mdogo wangu kuanza biashara. Nilikaa pembeni ya mama yangu na kisigino kikiniwaka, nikimsikiliza, na nilihisi kama mtu ananivua nguo hadharani.

Alikuwa mtoto wa kiume. Alizaliwa kwenye kituo cha katikati ya nchi, Baba akiwa bado kijana, kabla hawajahamia huko nilikozaliwa mimi. Bibi, mama yake Mama, ndiye aliyekuja kumwogesha mjukuu, naye ndiye aliyefanya ya kimila aliyoyajua: aliitwaa senti ya tundu, akaikata vijichanja vitatu kwa tupa ya fundi wa reli, akaipitisha uzi mweusi, akamvika mtoto shingoni ili asishtuke na asipatwe na jicho baya. Baba hakupenda. Alisema nyumba yake ni ya Kikristo. Lakini alimheshimu mkwewe, akanyamaza. Mtoto akakua. Alianza kusimama kwa kushika kiti, kisha kutembea, na alipokuwa akitembea senti ile ilikuwa ikimgonga kifungo cha shati, tik, tik, hata ukiwa jikoni unajua yuko chumba gani.

Ilikuja surua. Ilipita kwenye nyumba za reli zote. Kwao ilimchukua.

"Nilisema asivuliwe," Mama alisema. "Nilimwambia baba yako mbele ya watu. Sikuwa na ombi lingine. Nilisema mwacheni na senti yake, kule aendako hajui mtu. Akaniambia sawa. Aliniambia sawa, unasikia? Wanawake wakanitoa nje. Niliporudi sanduku lilikuwa limeshapigwa misumari."

Baada ya mazishi Baba aliomba uhamisho. Nguo za mtoto alizigawa. Alimwambia Mama kwamba jina lile lisitajwe tena nyumbani, kwa sababu likitajwa hawataweza kuishi. Na kweli halikutajwa. Nilizaliwa mimi kwenye kituo kingine, ambako hakuna aliyewajua, nao wakaanza upya, kana kwamba ndio kwanza wameoana.

"Kaburini hakuimba," akasema Mama. "Watu wote waliimba, yeye hakufungua mdomo. Hakuitikia hata sala. Nilimtazama nikasema, huyu ni jiwe. Nimeishi na jiwe. Kumbe alimvua mwanangu. Kwa sababu ya dini yake alimvua mwanangu, akampeleka mtupu."

Alisema hivyo kuhusu Baba yetu. Baba ambaye picha yake ilikuwa ukutani, juu ya vichwa vyetu, amevaa tai.

Nilimpigia simu mdogo wangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa, lakini sauti yangu ilimtosha. Alifika na kirikuu chake cha kubebea mabati, jioni haijaingia, vumbi la saruji bado liko kwenye nyusi.

Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, amechuchumaa mbele yake, halafu akaniita kibarazani.

"Dada, hizi ni dawa. Mie nakwambia. Watu wakitolewa mtoto wa jicho wanaonaga vitu."

"Anaona vizuri kuliko wewe."

"Sasa tulikuwa na kaka? Tangu lini? Miaka yote hii hakuna shangazi, hakuna mjomba, hakuna mtu hata mmoja aliyeropoka kwenye pombe ya harusi? Hiyo haiwezekani." Akashika kichwa. "Na senti za tundu ziko ngapi Tanzania hii? Kila mtu alikuwa anazivalisha watoto. Baba alizipata dirishani, basi. Anaweza kuwa mtoto wa mtu mwingine kabisa."

Nilitamani awe sahihi. Nilitamani sana. Nilimkumbusha kwamba yuko mtu mmoja aliye hai ambaye angeweza kujua: shangazi yetu, mdogo wake Baba wa mwisho, ambaye akiwa msichana alikaa na kaka yake huko relini. Anaishi Mbagala hiyohiyo, si mbali na duka la mdogo wangu, ana genge la nyanya na vitunguu mbele ya nyumba yake. Mdogo wangu hununua kwake kila siku. Alinitazama, na nikaona jinsi wazo lile lilivyomwingia. Anamwona kila siku.

Kesho yake baada ya ibada mdogo wangu alitupitia na kirikuu, tukaenda. Mama alikaa mbele, ile senti ameifunga kwenye pindo la kanga. Tangu jana hakuwa ameiachia. Njia nzima hakusoma bango hata moja.

Shangazi alitupokea kwa shangwe. "Wifi! Macho mapya hayo! Karibuni, karibuni, mbona hamkusema mnakuja?" Tukamwamkia, shikamoo Shangazi, akaitikia huku akitafuta viti, akimtuma mtu soda. Mama hakukaa. Alifungua pindo, akanyoosha kiganja.

Shangazi hakuuliza ni nini. Ndiyo maana mdogo wangu, aliyekuwa amejiandaa kubisha, hakubisha tena. Shangazi alikitazama kile kiganja, akavuta kanga yake akajifunika mdomo, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye meza ya nyanya. Nyanya mbili zikaanguka, zikabiringika, hakuna aliyeziokota.

"Kaka aliniapisha," akasema.

"Alimvua," akasema Mama.

"Wifi, ingia ndani. Watu wanapita."

"Alimvua au hakumvua?"

"Alimvua."

Tuliingia. Mdogo wangu alisimama mlangoni kama mtu anayelinda, ingawa sidhani kama alijua analinda nini. Shangazi alikaa kwenye mkeka, akalia kidogo, akajifuta, ndipo akasema. Nayaeleza kama alivyotueleza.

Wanawake walipomtoa Mama nje, chumbani walibaki wawili: Baba na yeye, msichana aliyekuwa akimbeba yule mtoto mgongoni mchana kutwa. Sanduku lilikuwa la mbao za makasha ya mizigo, lina maandishi ya reli upande mmoja. Baba alimwambia ashike taa, chumba kilikuwa na giza kwa sababu madirisha yalifungwa. Akatoa wembe. Shangazi alidhani anataka kumkata mtoto kucha. Alikata uzi. Alikata haraka, akaishika ile senti, akaifumbata.

"Nikamwambia, Kaka, wifi alisema asivuliwe. Akaniambia najua. Akaniambia, siwezi. Hivyohivyo. Siwezi. Wala hakuwa anasema habari za dini, wifi, naapa. Alikuwa anatetemeka. Akasema, mimi nibaki na kitu gani? Halafu mafundi wakabisha hodi na nyundo zao. Akashtuka. Akaitia mdomoni."

"Akaitia wapi?" aliuliza mdogo wangu.

"Mdomoni. Chini ya ulimi. Alikuwa na mfuko, suruali ilikuwa na mifuko, sijui kwa nini hakutia mfukoni. Aliitia mdomoni, akafunga mdomo, akawafungulia mlango. Alilibeba lile sanduku nayo mdomoni. Alisimama kaburini nayo mdomoni. Mchungaji anamwambia sema neno, anatikisa kichwa. Watu wakasema huyu bwana ana moyo mgumu. Mimi nikiwatazama tu. Tuliporudi nyumbani ndipo akaitema, akaniapisha kwa Biblia, na mimi mtoto, nitafanyaje?"

Nje singeli ilikuwa inapigwa mahali, na mtu alikuwa akiita, Shangazi, nipimie vitunguu, na hakuna aliyemjibu. Nilikuwa nikimwona Baba. Baba wa vifungo mpaka shingoni, Baba ambaye hata nilipofaulu alinipa mkono kama mgeni rasmi. Nilijaribu kumwona kijana, amefunga mdomo wake na ile shaba chini ya ulimi, mke wake akimtazama ng'ambo ya shimo na kuamua ndani ya moyo wake kwamba ameolewa na jiwe. Ladha ya shaba ilinijia mdomoni, kweli kabisa, nikameza mate.

Nilidhani Mama atalainika. Naona hata Shangazi alidhani hivyo, ndiyo maana aliyasema yote bila kupumzika, kama mtu anayemtetea mshitakiwa. Mdogo wangu alikuwa tayari analia, bila kuficha, vumbi la saruji lisingeweza kusingiziwa siku ile, alikuwa amevaa shati la kanisani.

Mama alikuwa mkavu.

"Na mimi je?" akasema.

"Wifi..."

"Yeye alitaka kubaki na kitu. Sawa. Mimi alinibakishia nini? Nguo alizigawa. Jina alilifunga. Picha hatukupiga. Nilimzaa mimi, nikamnyonyesha mimi, halafu yeye anakuwa nacho kwenye kopo, anakitazama akitaka, mimi niko chumba cha pili napika ugali wake. Miaka yote hiyo!" Sauti ilimpanda. "Alikuwa nacho! Angeniita siku moja tu. Siku moja tu aseme, njoo mama nanihii, tuitazame."

Aliposema mama nanihii alilitaja jina. Jina la yule mtoto. Ndiyo mara ya kwanza mimi na mdogo wangu kulisikia, na sisi wote wawili tuliinua vichwa kama tumeitwa. Sitaliandika hapa, ni lake.

Shangazi alitambaa kwenye mkeka mpaka alipokuwa Mama, akashika miguu yake. Hakusema samahani. Alisema kitu kingine, ambacho sikukitegemea. Alisema, "Alikuwa akipenda maganda ya machungwa. Unakumbuka? Anayatafuna halafu anakunja uso."

Mama alimtazama.

"Nilikuwa nimesahau," akasema.

"Na alikuwa anaogopa kofia ya stesheni masta."

"Hiyo nakumbuka."

"Akiiona tu, mbio, anajificha kwenye kanga yangu, na ile senti inamchongea. Tik, tik."

Mama aliteremka kutoka kwenye kiti, akakaa mkekani. Mimi na mdogo wangu tukatoka. Yeye alikwenda kumpimia mteja vitunguu, akampa vingi kuliko alivyolipia. Halafu tukasimama kwenye jua.

"Dada," akasema, "kumbe wewe ni wa pili."

"Na wewe wa tatu."

"Mie sijali kuwa wa tatu. Lakini mzee..." Alipiga teke kokoto. Alirudia siku zile zote neno hilohilo, mzee, mzee, halafu anatikisa kichwa.

Mama hakurudi na mimi Kinondoni. Alisema atalala kwa wifi yake, nimletee nguo na matone ya macho. Alikaa huko wiki nzima na zaidi. Nilipokwenda kumtazama niliwakuta wamekaa nyuma ya meza ya genge, wanachambua dagaa, wanazungumza juu ya mtoto mmoja wa mwaka na miezi kama vile wanamzungumzia jirani aliyetoka sasa hivi. Wakati mwingine walibishana. Shangazi anasema alitembea kabla ya mvua, Mama anasema mvua zilikuwa zimeshaanza. Siku moja nilimkuta Mama anagomba kabisa, anamwambia Shangazi, "Wewe ungeniambia! Umekuwa mtu mzima miaka mingapi, ungeniambia!" na Shangazi ameinama anachambua dagaa tu. Niliporudi siku iliyofuata walikuwa wanakula sahani moja.

Baba hajasamehewa. Niliwahi kumuuliza Mama, kwa kuzunguka, kama anaona sasa kwamba Baba naye aliumia. Akanijibu, "Najua aliumia. Nilichotaka ni tuumie pamoja." Sikuuliza tena. Picha ya ukutani nilitaka kuishusha, akanikataza. Akasema iacheni, kwani imefanya nini.

Sarafu hakunirudishia, na sikumwomba. Kwa majuma kadhaa sikuweza kuifungua laptopu. Nilipofungua, ule mstari ulikuwa palepale, na picha yake, na vile vijichanja. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa nimeandika vizuri: shaba, tundu, hali nzuri kiasi. Mzee wa Magomeni aliniambia kitu kikitoka kwenye mkusanyiko hakifutwi, unaandika tu kwamba kimetoka. Nimeandika hivyo. Ninaendelea na nyingine, lakini si kwa furaha ile ya kitoto. Kila ninapokuta alama kwenye sarafu, mkwaruzo, herufi mtu amechora kwa msumari, tundu lililotobolewa baadaye, huwa naweka simu chini kwanza. Naisogeza mbali kidogo na macho kabla ya kuikuza.

Kabla Mama hajarudi Upareni tulikwenda hospitali kupimwa macho mara ya mwisho. Nesi alikuwa binti mchangamfu, wa aina ile ya wanaokuzungumzisha ili usitikisike. Akiwa anamwangazia taa jichoni akasema, "Bibi, unaona vizuri sana, utawaona wajukuu wote sasa. Una watoto wangapi?"

"Watatu," akasema Mama.

Nilikuwa nimekaa nyuma, na mkoba wake mapajani. Ingawa nilijua yote, nilishtuka mpaka mkoba ukaniponyoka. Nesi aligeuka kunitazama, Mama hakugeuka. Aliendelea kuitazama ile taa, jicho wazi kabisa, bila kupepesa.

"Mashallah," akasema nesi. "Wote wako hapa Dar?"

"Wawili wako hapa," akasema Mama. "Endelea, binti. Hili lingine bado hujaliangalia."